Data ya Jumapili

Kahama, 12 Januari 2025

Dada Athanasie,

Pokea salamu za nyumba nzima, na za mwaka mpya, ambazo zimechelewa kama kawaida yangu. Sisi wazima. Mama watoto amefungua duka la vyombo vya plastiki mbele ya nyumba, na tangu siku hiyo hatuna ndoo ya kuogea, maana kila ninayoinunua anaiuza. Mahindi yamesimama vizuri. Zahanati inanichosha lakini inanilisha.

Sasa sikiliza, na usianze kununa. Kubwimana, yule dereva wa lori anayeshusha mizigo Masoro, hapo Kigali, anakuletea kiboksi. Ndani mna vidude vya kubandika nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kila kimoja kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, hauumi. Kinakaa wiki mbili, kinapima sukari mchana na usiku, kinapeleka kwenye simu yako, na simu yako inaniletea mimi. Kwa hiyo nikiwa Kahama nitaona ulichokula Nyakabanda. Ndiyo, ni upelelezi. Baada ya majirani kukukuta umeangukia cherehani mwezi wa Novemba, nina haki ya kupeleleza.

Kwenye simu utaona mstari, na katikati ukanda wa kijani, kuanzia sabini hadi mia moja na themanini. Nimekiweka kisome kwa hesabu za Kigali. Huku sisi tunasema nne hadi kumi, usije ukaniandikia una tisini nikadhani umeshazikwa. Mstari ukiwa ndani ya kijani, shwari. Kando ya namba kuna mshale. Namba inakuambia uko wapi, mshale unakuambia unaelekea wapi, na mara nyingi mshale ndio wa kuangalia kwanza, kwa sababu tisini inayoshuka si sawa na tisini iliyotulia. Halafu ujue kwamba hakipimi damu yenyewe, kinapima maji ya chini ya ngozi, kwa hiyo kinachelewa nyuma ya damu kwa muda kama wa kuchemsha chai. Ukitetemeka na simu ikasema uko salama, iamini mikono yako, jichome kidole upime. Na usiulalie mkono huo, kitabanwa na kusema sukari imeshuka wakati iko palepale.

Jambo la mwisho. Barua zako zote za mwaka jana zilikuwa na habari za yule wa Gitega, mtaa wa hapo Kigali. Dada, nakuomba. Huyo mtu alituacha Buyenzi, kule Bujumbura, akasema anatangulia Rwanda na atatuita. Mama alikufa akisubiri kuitwa, na yeye hata mazishini hakuja. Usiniandikie habari zake. Wala usinipigie simu kunishawishi, unajua simu tulivyoachana nayo, tulifokeana mpaka jirani yangu akagonga ukuta. Barua inatufaa. Kwenye barua hakuna wa kumkatiza mwenzake.

Mdogo wako,
Évode


Nyakabanda, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Évode,

Amani ya Mungu iwe nawe, na mama watoto, na ndoo zenu zote zilizouzwa. Hapa tupo. Sare za shule zimekwisha, sasa nashona nguo za kwaya za Pasaka, na mwenyekiti wa kwaya amebadilisha rangi mara nyingi mpaka nimeanza kuisali ile rangi badala ya mtakatifu.

Kifungo chako nimekivaa. Nakiita kifungo kwa sababu ndicho kilivyo, ila hakina tundu. Mteja mmoja aliniuliza kama ni mambo ya serikali. Nikamwambia ni mdogo wangu ananichungulia kutoka Tanzania. Tangu hapo akija kupimwa nguo hanipi mgongo.

Nimejifunza mengi. Nikila viazi vitamu peke yake asubuhi, mstari unapanda kama pikipiki kwenye mlima wetu huu. Viazi vilevile nikivitangulizia maharage na dodo, mchicha wetu wa huku, unapanda kwa adabu. Chai nilidhani haina hatia kwa kuwa naweka kijiko kimoja tu cha sukari, kumbe ni kijiko changu cha kupakulia. Na nikitoka baada ya chakula kupeleka nguo kwa wateja, nikapanda na kushuka ngazi zile, mstari unarudi kijani kabla sijafika nyumbani. Juzi simu ililia kwamba sukari imeshuka, nikakimbilia asali, ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeulalia mkono. Kidole kikasema mia na kumi na mbili. Asali nilikuwa nimeshaimeza. Ni makosa yako, hukuandika kwamba barua yako isomwe kabla ya asali.

Uliyenikataza kumtaja, sijamtaja. Nasema tu kwamba katika mji huu kuna mzee mmoja anakohoa tangu Noeli, na anavaa sweta juu ya sweta. Mzee yeyote. Kigali ina wazee wengi.

Nakukumbuka, mtundu wewe.

Dada yako,
Athanasie


Kahama, 3 Machi 2025

Dada,

Habari za huko, na habari za mwenyekiti wa kwaya? Huku mama watoto alikuwa na homa, sasa amepona na anafoka kama zamani, ndivyo tulivyojua amepona. Mtoto wa kwanza amefaulu mitihani, kila somo isipokuwa Kifaransa. Nimemwambia hilo amelirithi kwangu.

Nakusifu. Katikati ya wiki mstari wako unanifurahisha, na viazi na maharage nimewafundisha wagonjwa wangu hapa kwa jina lako. Lakini kuna kitu. Kila wiki, Jumapili inakatika. Mstari unakwenda vizuri mpaka asubuhi ya Jumapili, halafu hakuna kitu, halafu unaanza tena Jumatatu. Kifungo kama unavyokiita kinahifadhi masaa manane tu bila simu, zaidi ya hapo kinasahau. Kwa hiyo simu unaiacha mahali, mchana kutwa na usiku wake. Sitaki kusikia ni kwaya, kwaya haikeshi.

Nimekaa na jambo hili, nimeona niseme wazi. Ninachohitaji ni data tu. Nisipoona data Jumapili nakosa amani, hata kazini nafanya makosa. Nilijiambia nisubiri, labda itakuja yenyewe, haikuja. Nimechoka kukisia. Data ya Jumapili ndiyo inayokosekana, na bila hiyo mengine yote naona hayajakamilika. Basi fanya hivi: Jumapili usiiache simu. Nenda nayo popote uendapo, iwe imewashwa, niione data. Ukifanya hivyo sitakuuliza ulikuwa wapi.

Évode


Nyakabanda, 24 Machi 2025

Évode wangu,

Salamu kwa wote, wazima wote, mengine ya nyumbani nitakuandikia siku nyingine, maana mikono inatetemeka. Kabla hujauliza, mstari uko kijani.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Data! Neno hilo hukulitia mdomoni tangu tumzike mama. Ulimwita "huyo mtu", ulimwita "wa Gitega", na siku zako mbaya ulimwita majina ambayo nilikwenda kuyaungama mimi kwa niaba yako. Leo umeandika data, yaani baba yangu kwa Kirundi chetu, kama tulivyomwita Buyenzi tukimkimbilia mlangoni. "Nisipoona data Jumapili nakosa amani." Mdogo wangu, nililia mpaka nguo ya kwaya ikalowa, itabidi niipige pasi upya.

Halafu umeandika "niione data", nikacheka katikati ya machozi. Nyinyi wa Tanzania mnajidai na Kiswahili chenu sanifu, kumbe unamsema baba kama meza! Sisi wa Kigali ndio tunaochekwa, tunaosema "papa iko nyumbani".

Sasa nikuambie. Jumapili niko Gitega. Nakwenda baada ya misa, nafua, napika, nalala huko, narudi Jumatatu. Kaliza, binti aliyemzaa huku, anafanya kazi kwenye ofisi ya kiwanda Masoro na Jumapili ana zamu, kwa hiyo mzee angebaki peke yake. Simu naiacha nyumbani usije ukaona. Nikifika ananimiminia umutobe, ile juisi yetu ya ndizi, anaonja yeye kwanza kama desturi, ndipo ananipa glasi kwa mikono miwili. Glasi aliyoionja baba hairudishwi. Mstari unapanda, najua, nilikuwa naona aibu.

Nimemsomea maneno yako. Akavua kofia. Akaniuliza, "Iko ameandika data? Yeye mwenyewe, na mukono yake?" Nikamwekea kidole chake juu ya neno, macho yake hayaoni tena maandishi, na hakukiondoa mpaka nilipomaliza kusoma.

Nilitaka nikupigie palepale, akanikataza. "Hapana. Mimi nilisema nitaita, sikuita. Sasa yeye ndiye ameomba. Acha apige yeye." Basi tumepanga hivi. Jumapili ya Matawi, baada ya misa, nitakuwa naye Gitega na simu imewashwa. Piga ya picha, akuone hata kama ni kivuli. Namba yake nayo nimeiandika nyuma ya karatasi hii, simu yangu ikigoma. Kubwimana anaondoka kesho, barua itakufikia mapema.

Nitampeleka anyolewe. Koti lake nimelipunguza mabegani, amekonda sana.

Dada yako, leo mwenye furaha,
Athanasie


Kahama, 16 Aprili 2025

Dada,

Nakutakia Juma Takatifu lenye heri. Huku tumejaliwa mvua na malaria pamoja, zahanati imejaa mpaka uani. Barua hii inakuja na basi, Kubwimana wamembadilishia njia.

Jumapili yako nimeiona, mwishowe. Asante kwa kuiwasha simu. Na sasa naelewa kwa nini ulikuwa unaiacha.

Mchana ulikuwa mia moja na thelathini, mshale umelala. Mara mshale ukasimama wima, na haikuchukua muda ukafika mia tatu kasoro. Hicho si chakula, dada. Chakula hakipandi hivyo, hasa ulivyojifunza kukipanga. Hicho ni kinywaji kitamu, na ni glasi kubwa. Jioni nzima ulikuwa juu, na nilikaa na simu mkononi nikikutazama.

Niliahidi sitakuuliza ulikuwa wapi, sikuulizi. Lakini yeyote anayekumiminia kitu hicho akijua ugonjwa wako hakupendi, na wewe unayekipokea hujipendi. Nikiona tena Jumapili ya namna hiyo nitajua nafasi yangu kwako ni ipi, na vifungo nitaacha kutuma. Nasema kwa ukali kwa sababu nimemzika mama na sitaki kukuzika wewe.

Évode


Nyakabanda, 4 Mei 2025

Évode,

Mungu awalinde na hiyo malaria. Sisi tupo. Nguo za kwaya zilipendeza, hata mwenyekiti alinyamaza.

Hukupiga. Sitakuuliza kwa nini, kama wewe usivyoniuliza nilikuwa wapi. Mtu anaweza kutaka kitu Machi akakiogopa Aprili. Lakini hilo neno la "hakupendi" ni zito mno, ungekaa nalo kidogo kabla ya kulituma.

Nimekubali. Sitakunywa tena. Na kwa kuwa siwezi kufika kule nikakataa, sitakwenda tena mpaka wewe useme. Nimemwambia naumwa miguu. Ulitaka mstari mzuri, utaupata.

Athanasie


Kahama, 8 Juni 2025

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na za watoto, wanaouliza shangazi atakuja lini. Kweli Pasaka sikupiga, nisamehe, wagonjwa walikuwa wengi na sikujua kwamba ungesubiri simu yangu, sisi wa barua. Duka la plastiki limeongezewa masufuria. Nalala karibu na mlango sasa, kwingine kote kumejaa bidhaa.

Jumapili zako! Nimemwonyesha mwenzangu wa zahanati, akadhani ni mtu asiye na sukari. Mstari umelala ndani ya kijani kama mkeka, Jumapili baada ya Jumapili. Naomba unielewe, nilikuwa mkali, lakini umeona matokeo mwenyewe. Dawa ni chungu, mgonjwa anapona. Kokote ulikokuwa unakwenda, umefanya vizuri kuacha.

Mbona barua yako ilikuwa fupi hivyo? Umeninunia? Niandikie ya kucheka. Nakuwekea vifungo vingine kwenye basi la wiki hii.

Mdogo wako anayejivunia,
Évode


Nyakabanda, 6 Julai 2025

Évode,

Wasalimu mama watoto na watoto. Sisi hatujambo, kwa namna wafiwa wanavyokuwa hawajambo.

Baba yetu amefariki. Tumemzika mwezi uliopita, tarehe ishirini na moja. Naandika wazi hivi kwa sababu nilishakuambia ukanielewa vibaya, na mimi tangu Machi nilikuwa nimekuelewa vibaya.

Asubuhi ile alipofariki, Kaliza aliniita Gitega. Nilikupigia, hukupokea, najua unakuwa na wagonjwa. Nikakuandikia kwenye simu: "Évode, data hayupo tena." Ukanijibu baadaye kidogo: "Usijali dada, hutokea. Kimebanduka tu. Weka kingine, vipya viko kwenye basi." Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake nilipoyasoma hayo. Nilidhani umenifanyia mzaha mbele ya maiti ya baba. Nikakibandua kifungo mkononi, nikaizima simu, nikaapa sitakuandikia tena.

Kaliza ndiye aliyeelewa. Baada ya mazishi aliniomba simu akasoma jibu lako, kisha akaniambia taratibu, "Dada, huyu hakumuongelea papa. Kwa Kingereza data ni hesabu. Hata sisi ku kazi tunasema hivyo, data ya mizigo, data ya mishahara." Nikamletea barua yako ya Machi. Tukaisoma pamoja, yeye akionyesha kwa kidole. Kila mstari ulikuwa wa kifungo. Hakuna hata mmoja uliokuwa wa baba. Hata lile "niione" nililolicheka, nikasema unamsema baba kama meza, lilikuwa sahihi kabisa, na ndilo lililokuwa likinionya.

Barua yangu ya Machi hukuipata. Najua sasa, nimemkuta Kubwimana Masoro nikamuuliza. Alibadilishiwa lori, barua ikabaki ndani ya lile la kwanza. Aliinamisha kichwa kama mtoto. Ameipata, na amerudishwa njia ya Kahama, kwa hiyo atakuletea zote mbili. Isome ya Machi kwanza.

Jumapili ya Matawi mzee aliamka mapema, akavaa koti, akaishika simu yangu kwa mikono miwili asije akakosa kuisikia. Jioni akasema, "Labuda ni mutandao." Jumapili ya Pasaka akavaa tena. Kisha ikaja barua yako ya mshale uliosimama wima, nami nikaacha kwenda. Nilijiambia ni kwa ajili ya afya. Ukweli, sikuweza kumtazama akivaa lile koti. Kaliza anasema aliendelea kulivaa kila Jumapili, na alikuwa akimuuliza kama miguu yangu imepona. Jumapili zile zilizolala kama mkeka, ulizomwonyesha mwenzako, ndizo hizo.

Kuna jingine linaniuma vilevile. Wiki hii nilikwenda kliniki ya sukari kubandika kifungo kipya. Muuguzi pale, Mutoni, alifungua simu yangu na kuitazama yote tangu Januari. Nikamwonyesha Jumapili ya Matawi, nikangoja anikaripie. Akasema, "Mama, ni hii mnaogopa? Haitazamwi siku moja. Tunatazama wiki mbili nzima, tunauliza ni sehemu gani ya muda uko ndani ya kijani. Wewe uko vizuri. Ungekula kwanza, ukanywa nusu glasi, kisha ukatembea kidogo." Nusu glasi, Évode. Baba angenimiminia hata robo, kama ningemwambia. Sikumwambia, nikaona bora nimdanganye kuhusu miguu. Wewe uliogopa kilele kimoja, mimi nikakutii kwa hasira, na hakuna kati yetu aliyemuuliza mtu anayejua.

Sikulaumu. La, nakulaumu kidogo, na mimi najilaumu zaidi. Amekufa akiamini umeandika data kwa mkono wako, na kwamba mtandao wa Kahama ni mbovu. Sikumwambia vinginevyo, kwa kuwa nami sikujua. Sijui kama hilo nimshukuru Mungu kwalo au nililie.

Dada yako,
Athanasie


Kahama, 15 Julai 2025

Dada Athanasie,

Pole. Mama watoto anakupa pole na analia, na hakuwahi hata kumwona. Watoto wameniuliza babu yao alikuwa mtu gani, nikawatuma dukani.

Kubwimana ameleta barua zote mbili mwenyewe, amekataa hata maji. Nilianza na ya Machi kama ulivyosema.

Neno lile nilikuwa nimelisahau. Sijitetei, nakueleza. Zahanati nalitumia kutwa, data za chanjo, data za malaria, na hata siku moja sikumsikia baba ndani yake. Nilijizoeza kutomwita miaka mingi mpaka neno likabaki tupu, likaingia jingine likakaa. Ningeandika "namba" au "vipimo" ungeelewa. Ningeandika hata Kifaransa changu kibovu.

Nataka kukuambia nililia kwa ajili yake. Kwanza nililia kwa hasira, kwamba alikuwa na simu, alikuwa na mdomo, na miaka yote hiyo hakunitafuta. Kisha nikafika pale aliposema alisema ataita na hakuita. Nilikuwa nimengoja kumsikia akikiri hivyo tangu nikiwa kijana, na amekiri, Machi, akiwa hai, na maneno yake yalikuwa yamelala ndani ya lori.

Hujaniuliza, lakini nakujibu. Kama barua ingefika kabla ya Matawi, sijui kama ningepiga. Nataka kusema ningepiga. Nimejaribu kuliandika hivyo nikalifuta, kwa sababu wewe unanijua. Na nilikuandikia kwamba anayekumiminia hakupendi. Hilo nalijutia kuliko yote, na hakuna wa kumwomba radhi.

Juzi niliipiga ile namba uliyoiandika nyuma ya barua. Sijui nilitaka nini. Iliita muda mrefu, nikafurahi kwamba hakuna atakayepokea, kisha akapokea msichana. Sauti yake ina kitu chako, dada, hasa akiuliza. "Allô? Iko naongea na nani?" Akauliza tena, kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuzoea kuwaeleza watu, "Uko unamutafuta papa?"

Nikasema nimekosea namba, nikakata.

Wewe unaonana na Kaliza. Mwambie aliyepiga ni mimi. Mwambie sikukosea namba.

Évode